Dobi wa Kang'ata

Wanaume wachache sana hununua mabeseni. Nina duka la vyombo vya plastiki hapa Manundu, mjini Korogwe, na katika miaka yote niliyokaa nyuma ya meza ile nimewaona wanaume wakinunua ndoo bila wasiwasi wowote, kwa sababu ndoo ni ya kuchanganyia saruji, ya kunyweshea ng'ombe, ya kuoshea pikipiki. Beseni ni jambo lingine. Mwanamume akiingia kununua beseni hutangaza kwanza kwamba ametumwa. "Mama watoto kanituma," atasema, hata salamu hazijaisha. Kisha atalibeba kwa ncha za vidole, mbali na mwili, kama kitu cha jirani anachokirudisha.

Huwa siwacheki. Anayetaka mfuko mweusi wa kulifichia nampa. Lakini kila mara namkumbuka mtu aliyekuwa akipita na beseni lake kwapani, mchana, katikati ya kijiji cha Kang'ata, huko Handeni, huku akisalimia watu na kuulizia mashamba yao. Alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Akishapita walimwita Dobi.

Nilipelekwa kwake nikiwa darasa la nne, baada ya baba kufariki. Mama alisema mtoto wa kiume hawezi kulelewa na wanawake watupu, na kwa sisi Wazigua mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Nilifika nikiwa na begi la shule na ndala mpya. Mjomba alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaniambia ndala zile hazitafika mwezi ujao kwenye miiba ya huku, na hazikufika.

Alikuwa mrefu, mkavu, mkulima wa mahindi na ufuta, mtu wa swala tano, na alikuwa na ulimi mkali. Sitaki mtu adhani nasimulia habari za malaika. Alikuwa na kinyongo cha kudumu: kulikuwa na jirani ambaye mbuzi wake walikula mahindi ya Mjomba kabla mimi sijaenda kuishi pale, na mpaka naondoka hapo nikiwa kijana Mjomba alikuwa bado anamjibu salamu kwa kukohoa. Nikilia aliniambia nikalilie shambani, nyumbani hapana. Vijana wa kisasa waliotoboa masikio aliwaita majina ambayo siwezi kuyaandika. Ukimuuliza mwanamume ni nani, angekujibu kama wazee wote wa Kang'ata walivyojibu, neno kwa neno. Ila mwenyewe alikuwa akiishi vingine, na sidhani kama aliwahi kuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Mke wake nilimwita Mkazamjomba. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Aliumwa uchungu kwa muda mrefu mno nyumbani kabla hajafikishwa hospitali, mtoto akafia tumboni, na yeye alipopona mkojo ulikuwa haushikiki tena. Ulitoka wenyewe, usiku na mchana, akiwa amekaa au amesimama. Leo kila zahanati ina karatasi ukutani inayosema ugonjwa huo unaitwa fistula na unatibika. Wakati ule pale kijijini hakuna aliyejua jina lake. Walisema amerogwa, au alikosea mwiko wakati wa mimba, na wengi walimshauri Mjomba amrudishe kwao na kuoa mwingine. Ulikuwa ni ushauri wa kawaida tu, uliotolewa kwa upole, kama mtu anavyokwambia ubadilishe bati linalovuja.

Mkazamjomba alijifunga vitambaa, vipande vya kanga zilizochakaa, na vitambaa hivyo vilihitaji kufuliwa kila siku. Handeni maji ni shida. Maji yetu yalitoka lamboni, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, na njia yake ni ndefu. Mjomba alifunga madumu kwenye baiskeli, akaenda na kurudi kabla jua halijawa kali, akaweka beseni lake la bluu kwenye jiwe mbele ya nyumba, akakunja mikono ya shati na kufua. Alifua kama alivyolima, bila haraka na bila kuacha pembe. Nyumba ilikuwa na harufu, hilo sitalificha, na siku za mwanzo nilikuwa nalala nimejifunika pua. Hakunigombeza. Alinipa sabuni akaniambia, "Kama inakusumbua, njoo tufue." Nikaenda. Baada ya muda nikawa siisikii tena harufu ile, au niliizoea kama mtu anavyozoea moshi wa jikoni.

Nguo zile alizianika mbele. Hilo ndilo watu hawakuweza kulimeza. Wanawake wenyewe vitambaa vyao vya siri huvianika chini ya kanga nyingine, au ndani, au nyuma ya nyumba penye migomba. Mjomba alifunga kamba kutoka kwenye nguzo ya baraza hadi kwenye mti wa mwarobaini ulio kando ya njia, akavipanga vimenyooka, na anayekwenda msikitini, anayekwenda shambani, mwalimu na mgambo, wote walipita mbele ya kamba ile.

Mama alikuja kunitembelea kutoka Korogwe akaiona. Alisubiri mpaka amalize chai.

"Kaka, kwa nini usivianike huko nyuma?"

"Nyuma hakuna jua," alisema Mjomba.

"Lakini watu wanaona."

"Waone. Mimi nataka vikauke."

Mama aliweka kikombe chini. Usoni alikuwa na wasiwasi wa mtu aliyemleta mwanawe mahali akajiuliza kama alifanya sawa. Nadhani alitaka kunirudisha, na sijui kwa nini hakunirudisha. Labda hakuwa na pa kunipeleka.

Jina la Dobi lilisemwa nyuma ya mgongo wake kwa muda mrefu, mpaka siku moja lilisemwa mbele. Ilikuwa pale wanapokaa wanaume kunywa kahawa baada ya swala ya alasiri. Bwana mmoja aliyezoea kuchekesha watu akamwambia, "Dobi, na mimi nina shati. Utanifulia?" Watu wakacheka. Mjomba akanyoosha mkono. "Lete."

Yule bwana, kwa kuendeleza mzaha, akalivua akampa. Mjomba akalikunja akaondoka nalo, akamwacha pale kifua wazi mbele ya wenzake. Kesho yake, saa ileile, alirudi nalo limefuliwa na kukunjwa vizuri, akamwekea mapajani. "Shati lako limenichukua maji mengi," alimwambia, kwa sauti ya kawaida, kila mtu akisikia. "Nguo za mke wangu hazijawahi kutoa uchafu kama ule."

Hawakuacha kumwita Dobi. Ila tangu siku hiyo walilisema kama jina la kazi, na yeye akaliitikia.

Kuna siku fundi seremala alikuja kumshauri achongewe kitanda cha pili. Alisema wanaume wengi wenye wake wagonjwa hufanya hivyo. Kitanda cha Mjomba kilikuwa cha kamba, na kamba zilikuwa zinaoza upesi kwa unyevu upande aliolala mkewe, kiasi kwamba kila baada ya muda ilibidi kukitoa nje na kukisuka upya. Fundi aliona mateso yale.

"Ninacho kitanda," Mjomba alimjibu.

"Najua unacho, mzee. Nasema kimoja kingine, ulale pakavu."

"Mimi nimekwambia nalala vibaya?"

Fundi akachukua vifaa vyake akaenda. Mjomba akaendelea kusuka, akivuta kamba kwa kukanyaga mbao kwa mguu. Mimi nililala chumba cha pili, na ukuta wetu wa udongo ulikuwa haufiki juu. Alfajiri, kabla adhana haijaita, niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, na mara nyingi Mkazamjomba alicheka, naye Mjomba akamwambia anyamaze, mtoto ataamka. Nimekuwa mtu mzima nikaingia nyumba nyingi zenye vitanda vizuri vya mbao za mninga. Sijasikia kicheko kama kile katika nyingi kati ya hizo.

Mwaka niliopelekwa jandoni, tulitahiriwa zahanati na daktari, lakini baadaye wazee walituweka kumbini, kwenye banda la jando, kwa siku kadhaa tupone na kufundwa, kama desturi. Mvulana aliyetahiriwa havai suruali, inamkwaruza. Huvaa kanga. Kila mmoja aliletewa kanga kutoka kwao, na Mjomba akaniletea ya Mkazamjomba, nyekundu, yenye maua ya korosho. Wenzangu waliitambua. Ilikuwa imening'inia kwenye ile kamba kando ya njia miaka yote. Wakaanza kuziba pua, na mzee mmoja kati ya waliotufunda akacheka nao.

"Dobi naye kaja kufunda," alisema. "Utawafundisha nini, kushika sabuni?"

Mjomba alikuja kuchuchumaa mbele yangu, nje ya banda, akiwa bado ameishika ile kanga.

"Inauma?" aliniuliza.

Tulikuwa tumefundishwa kusema haiumi. Nilimtazama mzee, nikamtazama yeye. "Inauma," nikasema.

"Basi kumbuka hivyo hivyo inavyouma. Iko siku utaoa. Siku mkeo akikwambia inauma, usimuulize mara ya pili. Mwamini." Akanifunga kanga kiunoni mwenyewe, akaikaza, akawageukia wale wengine. "Na ninyi mmesikia." Kisha akaenda zake.

Nyimbo tulizofundishwa kumbini nimezisahau karibu zote. Nyingi zilikuwa za matusi na majigambo. Maneno yale sikuyasahau. Nilipomwoa Rehema, siku za mwanzo kabisa aliniambia neno hilo, nikasimama. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyejiandaa kwa jambo jingine. Baadaye aliniuliza nani alinifunza, nikamwambia ni mjomba wangu, nikiwa nimevaa kanga ya mke wake. Alicheka sana, kisha akasema anataka kumjua huyo mjomba.

Mjomba akampenda Rehema kwa namna yake, yaani alimpigia kelele kama alivyotupigia sisi.

Kutibiwa kwa Mkazamjomba kulitokea nikiwa sekondari. Muuguzi mpya wa zahanati alimwita pembeni siku aliyompeleka mtoto wa jirani kuchomwa sindano, akamwambia kuna hospitali wanaushona ugonjwa ule na mtu anarudi kama zamani. Mjomba aliposikia alikwenda kwa muuguzi peke yake, akauliza, akarudi, akamwambia mkewe afungashe. Waliondoka kwa basi, wakakaa huko wiki nyingi, nami nikabaki na mbuzi na kuku. Waliporudi Mkazamjomba aliteremka kutoka kwenye basi akiwa na gauni jipya, akatembea kutoka kituoni hadi nyumbani taratibu, akisimama kila mlango kusalimia. Ilimchukua mchana mzima. Mjomba alimfuata nyuma akiwa amebeba begi, wala hakumharakisha.

Asubuhi yake Mjomba aliamka kama kawaida, akaenda lamboni na baiskeli, akarudi na madumu, akaweka beseni kwenye jiwe. Hapakuwa na kitu cha kufua. Nilimwona amesimama pale uwanjani, mikono ya shati ameshaikunja, hajui pa kuiweka. Mkazamjomba alitokea mlangoni.

"Kalale, bwana."

"Nimeshaamka."

"Basi kaa."

Hakukaa. Alivua koti lake akalifua, ingawa lilikuwa safi.

Walipata mtoto mmoja baada ya hapo, wa kike, kwa upasuaji. Walimwita Zaina. Na ndipo nilipouona upande mwingine wa Mjomba, maana mtu huyuhuyu aliyeanika vitambaa mbele ya waendao msikitini alimlea binti yake kama bibi kizee wa zamani. Zaina asivae suruali. Zaina asicheke kwa sauti njiani. Zaina asipande baiskeli, kwa sababu baiskeli si ya msichana, na ukimuuliza kwa nini, alisema wewe ni mtu mzima usimlazimishe kueleza mambo ya aibu. Zaina alijifunza baiskeli hiyohiyo ya madumu, kwenye uwanja wa shule, saa ambazo baba yake alikuwa msikitini. Nilikuwa nimekwenda kuwasalimu siku Mjomba alipomfuma: binti anakuja kutoka lamboni, madumu yamefungwa barabara, gauni amelifunga fundo kando ya goti.

Mjomba alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Mkazamjomba alisubiri amalize pumzi.

"Wewe umefua nguo za mwanamke mbele ya kijiji kizima," alimwambia. "Leo unaogopa mtoto kupanda baiskeli?"

"Mimi nilikuwa na sababu."

"Na yeye anayo. Maji yalikuwa yameisha."

Mjomba aliingia ndani akabamiza mlango. Hakukubali siku ile, wala hakukubali kwa mdomo siku yoyote nyingine. Lakini kabla sijaondoka kesho yake niliiona baiskeli imeegemezwa ukutani na kiti chake kimeteremshwa hadi chini kabisa, mahali ambapo magoti yake yeye Mjomba yangegonga usukani.

Nilikuwa namwona Mjomba kama mtu aliyezaliwa akijua la kufanya. Mkazamjomba ndiye aliyenitoa katika wazo hilo. Tulikuwa tumekaa barazani tunachambua ufuta, mimi tayari mtu wa duka na ndevu, nikamwambia kwamba alibahatika kupata mume ambaye hakuwahi kumrudisha kwao.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Nani kakwambia hakunirudisha?"

Nikamtazama.

"Alinirudisha," alisema. "Baada tu ya kutoka hospitali. Alinipandisha kwenye hiyo baiskeli na sanduku langu, akaniacha kwa baba yangu, akasema nipumzike. Sote tulijua maana yake. Nilikaa huko mpaka mvua zikaanza. Kisha akaja kunichukua. Nikakataa."

"Ulikataa?"

"Nikamwambia, kama unanitaka, zile pale." Akaelekeza kidevu uwanjani, kana kwamba nguo zilikuwa pale. "Nguo zangu zilikuwa kwenye beseni la mama yangu. Nilisema hivyo nikijua ataondoka. Mwanamume gani angekubali, uwanjani kwa baba mkwe, shemeji zake wamekaa wanaangalia? Alisimama kidogo. Kisha akakunja mikono ya shati." Alirudi kwenye ufuta wake. "Hakujua kufua siku hiyo. Alilimwaga beseni miguuni kwake. Alikuja siku tatu mfululizo, na siku ya tatu nikafunga sanduku."

Nilimuuliza kama alimsamehe siku hiyo. Alisema siku hiyo alikubali kurudi tu. Kusamehe kulichukua muda wake, na sehemu kubwa ilifanyika kwenye kamba ile kando ya njia. Kuanzia hapo sikumwona Mjomba kuwa mdogo. Nilimwona kuwa mtu aliyefanya kosa la kila mtu, kisha akarudi kulirekebisha mahali palepale penye macho.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa na nguvu zake ilikuwa hapa nyumbani kwangu Manundu, mwaka juzi. Mimi na Rehema tulikuwa tumekaa miaka mingi bila mtoto. Rehema ni mtu wa Kwamndolwa, hukohuko anakoishi mama yangu sasa. Babu yake aliletwa kukata mkonge kutoka mbali huko, hakurudi tena, na ukoo wake hapa ni mfupi. Baba yake alishafariki. Kikiitishwa kikao cha kumjadili, hana wa kumsemea. Na kikao kiliitishwa. Mama yangu ndiye aliyekitaka, ingawa hakuja mwenyewe. Alimtuma Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, na wazee wengine wawili wa upande wa baba. Ajenda ilikuwa nioe mke wa pili. Mjomba aliitwa kwa sababu bila neno la mjomba jambo kama hilo halitembei.

Kitu ambacho wazee hawakukijua ni kwamba mimi na Rehema tulishapima. Majibu tulikuwa tumeyapata siku chache tu kabla ya hapo. Yeye alikuwa mzima. Mimi ndiye nisiyeweza. Rehema ndiye aliyesema tusiwaambie. "Watakucheka," alisema. "Mimi wameshanizoea." Tulikuwa bado tunabishana juu ya neno hilo alipobisha hodi Baba Mkubwa.

Mjomba alifika na basi la asubuhi kutoka Handeni, amevaa koti, ameshika fimbo. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba. Mbona nyumba yako ina joto hivi?" Akaketi karibu na mlango. Rehema aliwasalimu wote kwa kupiga goti, akaingia jikoni, na jikoni kwetu ni nyuma tu ya pazia.

Baba Mkubwa alizungumza vizuri. Alisema hakuna anayemchukia mke wetu. Alisema anapika vizuri, ana heshima, lakini shamba lisilozaa hulilimi mpaka unazeeka. Mzee wa pili akataja binti mmoja wa Mombo. Wa tatu akasema Rehema atapata msaidizi wa kazi. Yote hayo yalisemwa taratibu, na pazia halikutikisika. Hakukuwa na mlio wa kijiko wala sufuria huko nyuma yake.

Mwishowe Baba Mkubwa akasema, "Sasa tumsikilize mjomba mtu."

Mjomba alinigeukia mimi. "Wewe unataka nini?"

Sikuwa nimeulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nilitazama pazia. Nilijua nikisema nataka kubaki na mke wangu, watasema kanilisha kitu. Nilijua pia kuna neno moja tu linaloweza kufunga kikao kile, na neno hilo likitoka halirudi, litafika sokoni kabla ya jioni, na kila mteja atakayeingia dukani atanitazama kwanza mimi ndipo atazame ndoo.

"Tumepima wote wawili," nikasema. "Rehema hana tatizo. Tatizo ni langu. Hata nikioa wanne."

Mzee aliyemtaja binti wa Mombo akaangalia kofia yake. Baba Mkubwa akasema polepole kwamba mambo hayo mwanamume hayasemi mbele za watu.

"Ameshayasema," akajibu Mjomba. "Kuna lingine?"

Hakukuwa na lingine. Rehema akatoka na sinia ya pilau. Macho yake yalikuwa mekundu. Wazee wakasema wana haraka. Mjomba peke yake alinawa, akala, akaomba aongezewe, akamlalamikia Rehema kwamba chumvi imepungua.

Nilimsindikiza stendi. Alitembea polepole, na mimi nilikuwa nasubiri aniambie neno. Nilikuwa nimejisikia mtu mkubwa njia nzima. Tulipofika kwenye basi alishika mlango, akageuka.

"Ulichelewa," alisema.

"Mjomba?"

"Uliwaacha wakamsema mpaka wakamaliza. Mwanamke amesimama jikoni anasikia yote, wewe umekaa unangoja uulizwe. Kama nisingekuuliza?"

Kondakta akagonga bati la basi.

"Siku nyingine anza wewe." Akapanda ngazi ya kwanza, akasimama tena. "Na mama yako amekaa Kwamndolwa anangojea habari. Usimwachie huyo Baba Mkubwa wako akampelekee. Nenda sasa hivi."

Basi likaondoka. Sikupita nyumbani. Nilichukua bodaboda nikavuka hadi Kwamndolwa, nikamkuta mama amekaa uani anakatakata matembele. Alikuwa peke yake. Aliliona jasho langu akaweka kisu chini.

"Mmekubaliana?"

"Mama, kabla hujaniuliza, nisikilize," nikasema, nikaketi chini mbele yake, nikamweleza. Sikupunguza kitu. Nilimwambia nani hawezi, na nani alisema tunyamaze, na kwa sababu gani.

Mama alikuwa amemsema Rehema kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye vikoba, kwa mashangazi wote.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Na yeye alitaka kunyamaza. Aendelee tu kusemwa."

"Ndiyo."

Mama aliinuka. Aliingia ndani, nikamsikia akifungua sanduku, akatoka amejitanda kanga mpya na kuvaa viatu vya kutokea. Matembele aliyaacha palepale uani, kuku wakayaendea.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kwa mwenzangu Rehema," alisema, akinipita. "Wewe baki hapa. Hili si lako."